YubiKey 5C NFC: kifunguo kisichoniamini hata mimi mwenye nacho

Wakuu habari za jioni. Watu wengi wananiuliza hiki kidude cheusi kinachoning'inia kwenye funguo zangu za nyumba ni kitu gani, wengi wanadhani ni flashi, kuna dogo wa steshenari pale Mwenge alikichomeka kwenye mashine yake bila kuniuliza akaniambia "kaka flashi yako imekufa hii, haisomi", nikacheka tu nikamlipa hela yake ya fotokopi nikaondoka. Sio flashi. Kinaitwa YubiKey, modeli yangu mimi ni 5C NFC, kinatengenezwa na Yubico, kampuni iliyoanzia Sweden mwaka 2007, na kazi yake ni kuthibitisha kwamba anayelogini kwenye akaunti yako ni wewe na sio mtu mwingine. Nimekaa nacho mwaka na miezi miwili sasa. Nimekipenda, nimekichukia, nimekipoteza siku mbili kikapatikana kwenye mfuko wa suruali iliyoloweshwa kwenye ndoo ya sabuni, kwa hiyo leo naandika kila kitu, mwenye haraka ashuke chini kabisa asome nani anunue nani asinunue.

Nianze na kilichonifanya ninunue maana bila hiyo mtaona nimetupa hela.

Kazi zangu ni kutengeneza websaiti ndogondogo na kusimamia peji za wafanyabiashara. Kuna mama mmoja anauza vitenge, peji yake ilikuwa na wafuasi elfu arobaini na ushee, hana fremu hana nini, duka ndo hiyo peji. Siku hiyo ikaingia barua pepe, imepangwa vizuri na nembo zake zote, inasema peji yako imekiuka hakimiliki una saa 24 za kukata rufaa la sivyo inafutwa, bonyeza hapa. Binti yake anayepokea oda akashtuka akabonyeza, akaweka pasiwedi, ikaomba zile namba sita za kwenye meseji akaweka na zenyewe. Sasa sikieni, ule ulinzi wa hatua mbili nilimuwekea mimi mwenyewe! Nilikuwa nimemwambia kabisa mama hapa tumemaliza lala usingizi. Haikufika dakika kumi jina la peji likabadilika, ikaanza kutangaza sarafu za mtandaoni, na mpaka leo haijarudi, tumeandika weee tunajibiwa na mashine.

Siku ile ndo nikaelewa kitu ambacho nilikuwa nakisoma tu juujuu. Zile namba sita hazijui unampa nani. Wewe unaziandika kwenye websaiti feki, websaiti feki inazichukua sekunde hiyohiyo inaziingiza kwenye websaiti ya kweli, mlango unafunguka, na wewe bado umekaa unaangalia kile kiduara kinazunguka. Na sio lazima awe mtaalamu aliyefanya hivyo, programu za kazi hiyo zipo wazi mtandaoni toka 2017 huko. Na haijalishi namba zimekuja kwa meseji au zimetoka kwenye apu kama Google Authenticator, ukishaziandika sehemu mbaya zimeenda. Kwenye meseji ndo kuna balaa la ziada la laini, mtu anaenda kurinyu laini yako kwa jina lako, simu yako inakata mtandao, meseji zote zinaingia kwake. Jack Dorsey aliyeanzisha Twitter mwenyewe alifanyiwa hivyo Agosti 2019, wakaandika matusi kwenye akaunti yake. Twitter yake mwenyewe jamani. Sasa mimi na wewe wa Tandika ni akina nani.

Haya, kifunguo kinafanyaje tofauti. Nitaeleza kama nilivyomweleza mdogo wangu. Ukikisajili kwenye akaunti ya Google kwa mfano, kinatengeneza funguo mbili za kihesabu kwa ajili ya Google tu na sio kwa mwingine. Moja ni ya siri, inabaki ndani ya chipu na haitoki, hata wewe mwenyewe huwezi kuiona. Ya pili ni ya wazi, wanapewa Google. Ukija kulogini Google wanatuma fumbo jipya, brauza yako inaliunganisha na anwani ya websaiti uliyopo kwelikweli, wewe unagusa kile kiduara cha dhahabu kifunguo kinaweka sahihi, basi. Kama anwani sio ile iliyosajiliwa, hakuna sahihi. Hakuna cha kuomba wala kubembeleza. Macho yako yanaweza kudanganywa na herufi moja iliyozidi kwenye anwani, chenyewe hakina macho, kinalinganisha tu. Hakiangalii kama wewe umeamini au hujaamini, na hapo ndo utamu wake wote ulipo.

Mnataka ushahidi? Ninao na unanitia aibu. Ilikuwa saa saba usiku, nimetoka kuangalia mpira, nimechoka, ikaingia barua pepe ya namna ileile kabisa iliyommaliza mama vitenge, safari hii kwa peji ya mteja wangu mwingine. Mimi niliyekuwa nahubiria watu! Nikabonyeza. Nikaweka pasiwedi. Nikachomeka kifunguo nikasubiri kiwake taa ili niguse, hakiwaki. Nikachomoa nikachomeka tena, kimya. Nikaanza kukilaumu, nikasema haya mambo ya bei ghali ndo haya. Ile peji ikaniletea maandishi, jaribu njia nyingine, weka namba zilizotumwa kwenye simu yako. Na namba ya simu nilikuwa nimeshaiondoa kwenye ile akaunti miezi mitatu nyuma. Hapo ndo usingizi ukakatika, nikaangalia anwani juu, kuna kistari katikati ya jina ambacho hakitakiwi kuwepo. Nikabadilisha pasiwedi mikono inatetemeka, ila akaunti haikuguswa. Laki na nusu yangu ilijilipa usiku ule.

Na sio mimi peke yangu, haya yameshatokea kwa wakubwa. Julai 2022 wafanyakazi wasiopungua 76 wa Cloudflare walipata meseji za linki feki ndani ya dakika moja, watatu wakaingia mkenge wakaandika pasiwedi zao. Watu wa kampuni ya usalama wa mtandao hao, sio binti wa vitenge. Lakini kampuni nzima ilikuwa inatumia vifunguo, kwa hiyo pasiwedi bila kifunguo haikufungua kitu. Kipindi hichohicho Twilio, kampuni ya huduma za kutuma meseji, walipigwa na shambulio linalofanana na hilo, wao wakaingiliwa kweli na taarifa za wateja zikaonwa. Google nao waliwapa wafanyakazi wao vifunguo mwanzoni mwa 2017, watu zaidi ya elfu 85, na mwaka 2018 wakasema hakuna akaunti ya kazi hata moja iliyothibitika kuibwa kwa linki feki toka waanze. Huwa napenda mifano hii kwa sababu inaondoa ile dhana ya kwamba anayetapeliwa ni mjinga. Anayetapeliwa ni aliyechoka.

Mfano mwingine unachekesha ila ndo unaonyesha jinsi kilivyo king'ang'anizi. Twitter walipobadilika kuwa X, vifunguo vya watu vilikuwa vimesajiliwa kwa anwani ya zamani ya twitter.com. Mwaka 2025 walipotaka kuizika ile anwani ya zamani ikabidi wawaambie watu wenye vifunguo wavisajili upya kabla ya Novemba 10 la sivyo akaunti zinafungwa. Yaani hata mwenye mali akibadilisha jina la nyumba, ufunguo unamkataa. Wengi walilalamika mimi nikasema safi sana, ndo nilichonunua hicho.

Sasa maisha ya kila siku. Kwenyewe kidogo, kinakaribia uzito wa karatasi, hakina betri, hakichajiwi, hakitaki bando. Kimefuliwa na suruali kama nilivyosema, kimekanyagwa, kimening'inia na funguo na kifungulio cha soda mwaka mzima, kina mikwaruzo tu. Kwenye laptopu nachomeka naweka PIN nagusa kwisha. Kwenye simu naweza kuchomeka au kukigusisha nyuma ya simu kwa NFC, japo kava langu la simu ni lile nene la kuangushia kwenye sakafu kwa hiyo mpaka nilivue ndo kinasoma. Simu nyingi za bei ya chini tunazotumia hazina NFC kabisa, angalia yako kabla hujaagiza. Na mimi nilikosea kitu kimoja, nimechukua chenye kichwa cha USB-C wakati kompyuta ya ofisini ni ya enzi za mwalimu, ina matundu makubwa ya zamani tu, ikabidi ninunue adapta ya elfu tano. Kama mashine zako ni za zamani chukua 5 NFC ya kichwa kikubwa.

Alafu kuna kitu cha cccccc. Hiki mtakikuta tu kwa hiyo bora niwaambie mapema. Kikiwa kimechomekwa na ukakigusa kwa bahati mbaya, kinajifanya kibodi, kinaandika mstari wa herufi 44 unaoanza na cccccc halafu kinabonyeza Enter chenyewe. Ni namna ya zamani ya kulogini ambayo imewashwa toka kiwandani. Mimi nilikigusa nikiwa nimefungua grupu la WhatsApp la mteja kwenye laptopu, grupu la kamati ya harusi hilo, nimeletwa niwatengenezee websaiti ya mwaliko, ghafla nimewatumia ccccccb sijui nini huko mstari mzima. Shangazi wa bwana harusi akajibu "baba umesinzia?" Ingia kwenye programu ya Yubico Authenticator ukizime siku ya kwanza, ni nusu dakika.

Hiyo Yubico Authenticator usiidharau. Websaiti nyingi hazikubali kifunguo bado ila zinakubali zile namba sita za apu, basi siri ya hizo namba unaihifadhi ndani ya kifunguo badala ya kwenye simu. Modeli mpya zinabeba akaunti 64 za namna hiyo na pasikii 100, yaani zile funguo za kihesabu za kulogini bila pasiwedi. Simu yangu ilipokwapuliwa Ubungo nikiwa kwenye bajaji, nilinunua simu nyingine nikaweka apu nikagusisha kifunguo, namba zangu zote hizi hapa. Wenzangu ambao walishapoteza simu yenye Authenticator ya kawaida bila akiba wanajua nazungumzia nini.

Bei sasa, maana najua mmekaa mnasubiri. Hiki cha 5C NFC ni zaidi ya dola 50, kwa hela yetu laki na nusu hivi ukiweka na usafiri kama una mtu wa kukubebea. Nilizunguka Kariakoo siku nzima, duka la kwanza wakaniletea flashi, la pili wakaniletea kile cha kuunganishia panya bila waya, la tatu kijana akaniambia "bosi hiyo kitu ipo, njoo kesho", mnamjua kijana wa namna hiyo. Mwisho binamu yangu alikuwa anarudi kutoka Ujerumani akaniletea.

Na hapa ndo pagumu: huwezi kununua kimoja. Narudia, HUWEZI kununua kimoja. Ukikipoteza na hujaacha njia nyingine umejifungia nje ya maisha yako, na ukiacha njia nyingine dhaifu ili usijifungie, basi umeweka geti la chuma mbele huku mlango wa uani umefungwa kwa kamba. Watu wengi sana wanafanya hilo kosa, wanasajili kifunguo halafu wanaiacha namba ya simu palepale kama njia ya kurudisha akaunti, mwizi hata hatajisumbua na kifunguo, atabonyeza "jaribu njia nyingine" kama walivyotaka kunifanyia mimi. Kwa hiyo vifunguo viwili, vyote unavisajili kila sehemu, kimoja unatembea nacho, kingine kinakaa mbali na unapoishi. Changu cha pili kipo Morogoro kwa mama, kwenye kabati la vyombo vya wageni, ndani ya bakuli la supu ambalo toka nizaliwe sijawahi kuona mgeni amelitumia. Na zile namba za dharura ambazo Google wanakupa nimeziprinti zipo humohumo kwenye bakuli.

Hicho cha pili kina historia yake. Nilikipata kwa mtu hapa mjini kwa bei ya kutupa, anasema ni kipya, na kweli kilikuwa kwenye kasha lake. Nikakipitisha kwenye ukurasa wa Yubico wa kukagua uhalisia, ni halisi. Lakini nilipofungua programu kuangalia toleo la femwea, yaani ile programu ya ndani inayokiendesha kifunguo, nikakuta 5.4. Hapo wanaojua wameshaguna. Septemba 2024 kuna mtafiti wa Ufaransa, Thomas Roche wa NinjaLab, alitangaza namna ya kukidukua kifunguo aliyoiita EUCLEAK. Chipu za Infineon zilizomo ndani ya YubiKey 5 za zamani zilikuwa na hitilafu kwenye hesabu za kuweka sahihi, muda wa hesabu ulikuwa unabadilika kidogo kulingana na siri iliyomo, na kwa kusikiliza mawimbi yanayotoka kwenye chipu ukaweza kuitoa ile siri ambayo nimewaambia haitoki. Hitilafu ilikaa humo miaka 14 na kupita karibu kaguzi 80 za juu kabisa za usalama bila mtu kuiona. Yubico walishatoa femwea 5.7 Mei mwaka huohuo inayotumia hesabu zao wenyewe badala ya za Infineon, ila femwea ya YubiKey haisasishwi, uliyonunua nayo ndo utakayozikwa nayo. Ukiwa na ya zamani ni ya zamani.

Hapa ndo pana ubishi mkubwa na mimi nina upande. Wapo wanaosema kitu cha usalama kisichosasishwa ni ujinga, bora Nitrokey ya Ujerumani ambayo programu yake ni huria, kila mtu anaisoma, na kikiharibika kitu wanatuma sasisho. Yubico wanasema mlango wa kusasisha ni mlango vilevile, mtu mwingine anaweza kuupitia. Kwa vifunguo naona Yubico wana hoja, kitu ambacho nakiacha kwenye mashine za watu sitaki kiweze kubadilishwa ndani. Ila waliokuwa wanasema "imekaguliwa na kupata cheti" naomba wapunguze sauti kidogo baada ya hizo kaguzi 80. Na sio mara ya kwanza kwa Infineon, mwaka 2017 kulikuwa na ROCA, hitilafu nyingine ya chipu zao, vitambulisho vya taifa vya Estonia kama laki saba na nusu vikaingia matatani na YubiKey 4 zikabadilishwa bure.

Sasa nikajiuliza nirudishe au nisirudishe hicho cha 5.4. Ili mtu afanye EUCLEAK lazima kwanza apate pasiwedi yangu, halafu aende Morogoro, ampite mama, afungue kabati, akibandue kifunguo plastiki yake, awe na vifaa vya kama euro elfu 11 na ujuzi ambao nchini sijui kama kuna wangapi, halafu akirudishe bila mimi kujua. Kwa ajili ya peji ya vitenge. Nimekiacha. Ila ningekuwa mwandishi wa habari wa mambo mazito au nashika seva za serikali nisingekiacha, na wewe ukinunua kwa mtu uliza femwea kwanza, chini ya 5.7 ashushe bei au abaki nacho.

Kisipofanya kazi ni wapi? Penye hela zetu. Hilo ndo linaniuma. Benki ninayotumia mimi bado wananitumia namba za meseji, nimewauliza kaunta kuhusu vifunguo dada wa watu akanielekeza ofisi ya kadi. Pesa za kwenye simu ni PIN ya tarakimu nne, yaani kuna namna elfu kumi tu za kuichagua, kinachokuokoa ni kwamba ukikosea mara kadhaa inafungwa. Kuna jamaa alichambua PIN zilizovuja mwaka 2012 akakuta 1234 peke yake ni karibu asilimia 11, sishangai, najua watu wangu. Na yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hahitaji kudukua chochote, anaomba tu na watu wanatuma, hakuna kifunguo duniani cha hiyo. WhatsApp nako hakikusaidii kwa yule anayekupigia akisema nimekosea namba nimeandika yako nitumie hizo namba sita zilizoingia kwako, hapo weka PIN ya WhatsApp leo hii kabla hujamaliza kusoma.

Na kuna wizi ambao kifunguo hakiuoni hata kama umekisajili Google. Ukishalogini, brauza inatunza kuki inayosema huyu ameshathibitishwa, mwizi akiiba hiyo kuki anaingia kama wewe bila kuulizwa kitu. Machi 2023 chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips yenye mamilioni ya watu iliibwa kwa njia hiyo, mfanyakazi alifungua faili lililojifanya ofa ya udhamini. Huku kwetu wala hawahitaji ofa. Sisi tunashusha wenyewe programu za kukraki, Photoshop ya kukraki, Windows ya kukraki, na maelekezo yanasema zima antivairasi kwanza na tunazima kwa utii mkubwa. Ukiwa na kifunguo cha laki na nusu kwenye laptopu yenye Photoshop ya bure, hela umeitupa.

Swali ambalo nimeulizwa sana ni kwamba si kuna pasikii za bure kwenye simu, za nini hizi gharama. Swali zuri. Apple, Google na Microsoft walikubaliana Mei 2022 kuzisukuma, na ndani ni hesabu zilezile, nayo inakataa websaiti feki vilevile. Tofauti ni kwamba siri inakaa kwenye simu na inasafiri kwenda kwenye akaunti yako ya Google au iCloud, kwa hiyo simu ikipotea unazirudisha, raha. Lakini mtu akikuchungulia PIN ya simu kwenye daladala halafu akaikwapua, anazo zote. Wapo wanaolalamika pia kwamba unakuwa mateka wa kampuni moja, kuhama na pasikii zako kutoka kwa huyu kwenda kwa yule bado kunasumbua, wanatengeneza utaratibu wa pamoja ila ni wa juzijuzi. Mimi kwa mtu wa kawaida nasema pasikii ya simu inatosha kabisa, na ni mbali sana na meseji. Mama vitenge nimemwekea pasikii kwenye peji yake mpya, hajalipa hata mia, binti anaweka kidole tu. Kifunguo sikumshauri na nimempoteza kama mteja wa kumuuzia, sawa tu.

Kwa hiyo nani anunue. Kama unasimamia peji au websaiti za watu, kama unaandika programu na kazi zako ziko GitHub, kama ni mwandishi wa habari, mwanaharakati, mhasibu mwenye barua pepe ya ofisi inayotoa maagizo ya malipo, nunua, na nunua viwili. Wala usikimbilie hii modeli yangu, Yubico hao hao wana kile cha bei ndogo kinachoitwa Security Key, karibu dola 30, hakina hayo mambo ya namba sita ndani wala cccccc, ila linki feki kinazikataa vilevile. Ningerudi nyuma ningechukua hivyo viwili kwa karibu bei ya kimoja changu. Google nao wana chao cha Titan, pasikii 250, kizuri tu nimekishika kwa rafiki. Kama akaunti yako ni ya kuangalia vichekesho na kumpigia shemeji aliye Muscat, hela hiyo nunua mchele.

PIN ya kifunguo usiisahau, ukikosea mara 8 kinajifunga mpaka ukifute chote uanze upya. Isiwe 1234.

Nakipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya bei ya viwili na kwa sababu femwea ya zamani bado inauzwa mitaani kama mpya na mtu asiyejua hawezi kugundua kwa macho. Na yule aliyeniuliza inboksi kama nauza kile cha akiba, hapana mkuu, kwanza nilipompigia mama kumuuliza kama kipo aliniambia kipo, ameshakifunga kwenye kitambaa akaandika karatasi "msiguse, ya kompyuta", na lile bakuli la supu sasa limehamia chumbani kwake.